Lango la Akina Dörnte

Einbeck, 3 Novemba 1616

Kwako Jost,

Salamu nitakupa mwishoni, kama zitabaki. Kwanza nisikilize.

Uliondoka hapa ukisema mwaka mmoja. "Mwaka mmoja tu, dada, nawaonyesha watu wa kusini jinsi ya kupika bia yetu, halafu huyo narudi." Sasa huu ni wa tatu. Kila Cord Wedekind anapoleta gari lake kutoka Munich namkimbilia na aproni yangu, na kila mara anashuka peke yake, na farasi wake, na uso wa mtu asiyetaka kuulizwa.

Baba ameanguka. Alikuwa darini anageuza kimea cha bia, nikasikia kishindo nikadhani gunia limepasuka. Upande wa kulia umekufa wote. Maneno yamemkimbia, limebaki moja tu, "bado". Ukimpa uji, bado. Ukimuuliza kama anaumwa, bado. Mchungaji alipomuuliza kama ametubu akamjibu hivyo hivyo, na mchungaji akaondoka amenuna. Usicheke, mimi mwenyewe nilicheka na sikulala vizuri.

Sheria ya mji unaijua, ila nakukumbusha kwa sababu naona huko wamekuosha kichwa. Sufuria la mji la kupikia bia, linalobebwa nyumba kwa nyumba, haliingii nyumba ambayo langoni hakusimama mwenye haki aliyekula kiapo. Mwaka huu wamempitisha Baba kwa heshima, akiwa kitandani. Siku akifumba macho, haki ni yako, mtoto wa kiume, ingawa kimea cha nyumba hii nakigeuza mimi. Usiposimama langoni siku ya Malaika Mikaeli, mwisho wa Septemba, kura ya zamu za kupika inapopigwa, haki inahamia kwa jirani tunayepakana naye ukuta. Jirani huyo ni Harmen Kolve. Keshaanza kupima upana wa lango letu kwa macho kila akipita, na mimi nitabaki kuosha sahani kwenye jiko la mkewe.

Kwa hiyo, ama uje, ama uniandikie hati mbele ya mashahidi wawili kwamba unaniachia mimi haki ya kupika. Mwanamke anaweza kuishika akiachiwa. Moja kati ya hayo mawili, la tatu sina.

Salamu zimebaki kidogo. Chukua.

Dada yako,
Ilsebe

*

Munich, 6 Desemba 1616

Dada yangu mpenzi Ilsebe,

Habari ya Baba imenikata maini. Nimelia mpaka mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kama naumwa jino.

Nisingependa kukuongezea mzigo, lakini sina mwingine wa kumwambia. Bia inanitia wazimu! Hawa watu waliagiza bia yetu kwa magari tangu enzi za babu zetu, wakachoka na gharama, ndipo wakanichukua mimi nije kuipika hapa hapa. Nami nafanya kila kitu kama nyumbani. Shayiri naichagua mwenyewe, naloweka, nangoja iote, nachemsha, nafanya yote. Inatoka nyeusi, Ilsebe! Nyeusi kama maji uliyofulia soksi za mwuza mkaa. Tena nzito, tena tamu, inabaki mdomoni kama asali iliyoungua. Nimebadilisha maji. Nimebadilisha mapipa. Mara moja nilibadilisha hata wimbo ninaouimba nikikoroga.

Msimamizi wa kiwanda cha Mtawala ananitazama kwa jicho la pembeni. Juzi kaniuliza mbele ya watu, "Sisi tumeleta mtu wa Einbeck. Imekuwaje bia si ya Einbeck?" Nikasema bado changa. Nitasema changa mpaka lini? Niambie nakosea wapi, nakuomba.

Nakuja Pasaka. Safari hii kweli.

Kuhusu hati, hayo ni mambo ya kuzungumza ana kwa ana.

Mdogo wako,
Jost

*

Einbeck, 12 Januari 1617

Jost,

Nimekuandikia kwamba Baba kapooza, umenijibu kimea. Ebo! Una moyo wa namna gani wewe?

Haya, kimea. Miaka yote ulikuwa darini pamoja nami, ulikuwa unafanya nini huko? Ah, nakumbuka, ulikuwa unalala juu ya shayiri. Kimea chetu kinakaushwa na upepo, mjinga wewe! Kwa nini unafikiri paa zote za Einbeck zina madirisha yamejipanga kama matundu ya filimbi? Upepo unapita, kimea kinakauka kikiwa cheupe. Tena theluthi yake ni ngano, si shayiri tupu. Huko kwenu, naweka mkono wangu motoni, wanakikaanga juu ya kuni. Nenda sasa hivi kawaangalie. Kimea kilichokaangwa kinatoa bia nyeusi, na utamu wake hauchachuki wote, unabaki. Basi. Jambo la mtoto wa miaka saba limemshinda mtu aliyeajiriwa na Mtawala!

Nakutumia pipa moja kwa mkono wa Cord. Ni la mwisho kutoka sufuria alilosimamia Baba mwenyewe akiwa na miguu yake miwili. Wape waonje wajue bia ya Einbeck ikoje. Cord nimemwambia akilitoboa njiani nitamtoboa yeye.

Na ile hati usinizungushe nayo. Ana kwa ana ni lini? Nimekuomba mashahidi wawili na wino, sijakuomba figo.

Ilsebe

*

Munich, 20 Machi 1617

Dada yangu Ilsebe,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Ulisema kweli, wanakaanga. Nilikwenda nyumba ya kimea nikakuta moto unawaka chini na shayiri inapata rangi ya kiatu. Nikapiga kelele, wakanishangaa. Madirisha ya upepo hawana, na theluji yao haina huruma. Ngano wala siwezi kuigusa, ngano kwenye bia hapa ni ya Mtawala peke yake, mtu wa kawaida akiichanganya anajikuta ndani. Nikajua nimekwisha.

Ndipo Cord akafika na pipa la Baba. Nikasema afadhali waonje ile ya kweli, halafu wanifukuze nikiwa nimesema ukweli. Nikaweka vikombe viwili mbele ya Msimamizi. Akaonja ya Baba, akakunja uso.

"Hii ni nini? Maji mliyochemshia ngano?"

Akaonja yangu. Akaonja tena. Akamaliza, akapangusa masharubu.

"Hii sasa ndiyo bia ya Einbeck."

"Bwana," nikamwambia, "niwie radhi, ile nyingine ndiyo imetoka Einbeck kabisa, kwa baba yangu."

"Kijana, mimi nakunywa bia ya Einbeck tangu hujazaliwa. Usinifundishe."

Ningefanya nini, Ilsebe? Nikainamisha kichwa nikasema asante. Labda bia ya lile pipa iliharibika njiani, labda yeye alikuwa anakunywa iliyoharibika miaka yote. Sasa hivi, wiki hii ya mwisho ya Kwaresima, watawa wanachukua mapipa kwa mapipa. Wanafunga kula, wanakunywa hiyo mchana kutwa, wanasema inashibisha kama mkate na si dhambi. Wapishi wa miji mingine wametuma vijana wao waje kujifunza kwangu. Bia nyeusi tamu ya Einbeck, wanaiita, na kila mmoja anaondoka na kimea cha kukaanga begani.

Kwa hiyo Pasaka imenishinda, unaona mwenyewe. Nampelekea Baba kipipa kidogo aonje kazi ya mwanawe. Hati ngoja kidogo.

Wako,
Jost

*

Einbeck, 24 Aprili 1617

Jost,

Baba amefariki. Amekwenda mkesha wa Pasaka, asubuhi, nikiwa namchana ndevu. Nimemzika karibu na Mama. Watu wa chama cha wapishi walimbeba, na Harmen Kolve alishika kona ya jeneza, akiangalia lango.

Kipipa chako kilimkuta hai. Nilionja mimi kwanza nikatema, uongo dhambi. Uji wa wazee ule! Halafu nikampa yeye kijiko, nikijua atanifokea kwa jicho lake moja zima. Akameza. Akafikiri. Akasukuma kikombe kwangu kwa mkono wa kushoto akasema, "Bado." Nikampa tena. Bado. Alikimaliza kipipa chako chote kwa wiki mbili na hakugusa bia ya nyumba hii tena mpaka anakufa. Nakuambia kwa sababu ni haki yako kujua. Kwamba nimefurahi, sikusema.

Sasa tarehe yako.

Umeandika 20 Machi. Cord aliingia hapa 31 Machi. Siku kumi na moja kutoka Munich, na gari limejaa, na tope la magoti! Nikamuuliza, Cord, safari hii ulipaa? Akasema ametumia wiki tatu kama kawaida. Tena unaandika wiki ya mwisho ya Kwaresima, wakati hapa Kwaresima ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Baada ya mazishi nikakaa chini na barua yako, nikaelewa. Zile siku kumi za Papa, ambazo kalenda yake ya kusini imeitangulia yetu ya zamani! Barua zako zote ulikuwa unaniwekea tarehe zetu kwa uangalifu, hii moja umejisahau. Mtu hajisahau hivyo mpaka siku za kule zimekuwa ndizo zake.

Nikamkalia Cord kooni mpaka akatapika yote. Una mke! Anaitwa Walburga, binti wa mwenye nyumba ya kimea, yule yule wa kukaanga. Mna mtoto. Unakwenda misa unapiga magoti pamoja nao. Na juu ya mlango wako umetundika kibao chenye herufi ya mji wetu, na unaitwa Bwana Dörnte mwenye haki ya kupika, wa Einbeck. Kumbe! Ndiyo maana hati haiandikiki! Haki unaitaka ining'inie mlangoni kwako kama mapambo, huku mimi lango lenyewe linataka kunyang'anywa.

Ulinificha mke, ulinificha dini, ulinificha mtoto. Umenifanya mimi nani, mtoza ushuru? Baba alikufa hajui kuwa ni babu.

Sitakusihi tena. Njoo au niandikie.

Ilsebe

*

Munich, 18 Mei 1617

Dada,

Yote ni kweli. Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nimeketi, kisha Walburga akanichukulia mtoto niisome tena.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utakachosema, na ungekuwa na haki ya kukisema. Nisingepewa binti bila kwenda misa. Nilisema nitakwenda mara moja tu, kwa ajili ya harusi. Halafu mtoto, halafu ubatizo. Nilikuwa nakuandikia tarehe zenu nikijiona mwizi.

Kuhusu hati, nisikilize, safari hii sikuzungushi. Mkataba wangu hapa ni wa mtu mwenye haki ya kupika Einbeck. Mwenye haki anakaa mezani na Msimamizi. Asiye na haki anafagia kimea. Kila kijana anayekuja kujifunza bia nyeusi ananiuliza kwanza, "Lango lako kule likoje?" Namwambia ni la mwaloni, refu, sufuria linapita bila kuinama, na limepakwa rangi nyekundu. Nikikuachia lango, mimi hapa ni nani? Mtu aliyeshindwa kupika bia ya kwao akaipatia kwa kukosea. Naona aibu, Ilsebe. Ndiyo hiyo tu, aibu.

Lakini Baba kafa bila mimi, na wewe ukanyang'anywe nyumba kwa sababu ya kibao changu? Hapana. Nimemwambia Walburga, amelia, amekubali. Nakuja naye na mtoto, tunakuja kukaa. Mchungaji atanitukana, nitainama. Tarehe 22 Septemba nitakuwa langoni, siku za kutosha kabla ya kura. Kuhusu tarehe nimekusikia, usinipigie kelele tena.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, nifokee nikifika.

Jost

*

Einbeck, 20 Juni 1617

Jost,

Barua yako imelala Nürnberg kwa mchuuzi fulani mpaka ikachakaa, lakini imefika.

Haya. Nimeamini. Nimekipangusa chumba cha juu, kile cha nyuma, na kitanda cha mtoto cha kwetu nimekishusha darini, panya walikuwa wamejenga humo, wamehama. Walburga kama hajui kukausha kimea kwa upepo nitamfundisha. Lugha yake sitaielewa, yangu hataielewa, tutaonyeshana kwa mikono. Aache kukaanga vitu tu.

Harmen nimemwambia unakuja. Alimeza mate.

Usichelewe, Jost. Nakuomba kwa mdomo mzuri, huu hapa, uone kwamba ninao.

Dada yako,
Ilsebe

*

Einbeck, 14 Septemba 1617, Jumapili

Jost,

Umekufa.

Nimekuua leo asubuhi kanisani, kabla ya mahubiri, na sauti yangu haikutetemeka.

Tarehe 22 uliyoniahidi, kwa hesabu ya Papa wako, ni 12 yetu. Nilisimama langoni siku hiyo tangu maziwa ya asubuhi mpaka kengele ya jioni, nimevaa nguo yangu ya kwendea harusi za watu. Jana nikasimama tena, nikisema labda gurudumu limevunjika. Watu walipita wakinisalimia kwa huruma. Mke wa Harmen aliniletea kiti! Kiti, Jost! Akasema, "Kaa, mwanangu, utachoka."

Basi nikachoka kweli. Sheria inasema mrithi akifa, kifo kitangazwe Jumapili tatu kabla ya kura ndipo haki imwendee anayefuata. Jumapili tatu ni leo, ijayo, na ile ya mkesha wa Mikaeli. Ningengoja siku moja zaidi nyumba ingekuwa imekwenda. Nikaenda mbele ya wazee wa mji nikanyanyua vidole viwili nikaapa kwamba ndugu yangu amekufa Munich kwa homa ya tumbo. Walipouliza imetokana na nini nikasema bia nyeusi. Wakatikisa vichwa, wakaona inawezekana. Cord kaapa kwamba aliona kaburi. Amekubali kwa sharti ambalo si lako kulijua.

Unajua adhabu ya kiapo cha uongo. Vile vidole viwili vinakatwa, na haki inakwenda. Kwa hiyo sasa kaa huko huko uliko. Nilikuomba miaka uje, na sasa nakuomba usije. Usitie mguu Einbeck maisha yako yote, wala usimwambie mtu wa kwetu jina lako. Umeona ulikonifikisha? Umefurahi?

Nimevaa nyeusi. Inanichoma shingoni.

Ilsebe

*

Northeim, 21 Septemba 1617

Ilsebe,

Nakuandikia nikiwa kwenye nyumba ya wageni ya Northeim, karibu na lango la mji. Ni 21 kwa hesabu yenu, ile ya zamani. Kesho ningekuwa langoni kama nilivyoahidi.

Tumefika mchana. Mwenye nyumba kaniuliza natoka wapi, nikasema kusini. Akaniambia, "Ah, kusini! Juzi Einbeck wamemlilia kijana wao aliyefia huko. Dörnte. Bia nyeusi imempasua tumbo, masikini." Nikauliza dada yake anasemaje. Akasema kaapa mbele ya wazee, na Cord Wedekind kaapa pamoja naye, na leo kengele zimepigwa mara ya pili. Akanimiminia kikombe tukanywa kumwombea marehemu. Nilikunywa, Ilsebe. Ningekataaje?

Kwanza nilikasirika mpaka nikataka kuja kukutikisa mabega. Halafu nikakaa nikapiga hesabu kwa vidole, nikaelewa. Ulinihesabia siku za Papa. Na mimi nilikuandikia siku za Baba, kukuonyesha kwamba ninarudi! Niliposema nimekusikia kuhusu tarehe nilimaanisha hivyo. Nilidhani utajua. Lo, sisi wawili! Mstari mmoja tu ungetosha, ningeandika "kwa hesabu yenu", na sikuuandika.

Nikitokea kesho nikiwa hai, watakukata vidole. Na Cord vyake. Nimeviona vidole vyako vikigeuza kimea tangu najua kutembea. Siwezi.

Kwa hiyo ulitaka hati. Hii hapa, bila mashahidi. Mimi sina haki yoyote Einbeck, sina lango, sina kitanda, yote ni yako. Soma kisha choma. Kuna muuza maua ya bia, yale ya kutia uchungu, mtu wa Einbeck, anatarajiwa hapa kesho, ananijua uso, kwa hiyo tunaondoka alfajiri. Walburga haelewi kwa nini tunarudi. Nimemwambia nyumba imeshapata mtu.

Nilitaka kukuona tu. Ungenifokea, ningekaa kimya, ungechoka, ungepakua chakula. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafikiria njia nzima.

Sitii sahihi. Unajua ni nani.

*

Einbeck, 12 Oktoba 1617

Kwa mpishi wa bia nyeusi, Munich,

Wewe ni punguani. Nilikuwa nalijua hilo, ila sikujua kiasi chake.

Northeim! Asubuhi moja kwa miguu! Ungeshindwa nini kumtuma mtu aniambie kuna mgeni anauza vizibo, kuna mwanamke ananijua, chochote? Ungejifungia chumbani useme una tetekuwanga. Barua yako ilinifikia mchana wa 22. Nilisema nakwenda kununua maua ya bia, na Cord akafunga farasi bila kuuliza. Nilichukua jibini, soseji mbili, mkate, na kofia ya sufu niliyofuma tangu Juni. Tuliingia Northeim jua linazama. Mke wa mwenye nyumba akasema, "Wale wa kusini? Wameondoka hakujakucha. Mama alikuwa analia, mtoto analia, baba kambeba." Tukafuata barabara mpaka darajani, farasi akagoma. Nikakaa juu ya gari nikala zile soseji zote mbili kwa hasira.

Ulihesabu kwa siku za Baba. Sawa. Na mimi nikahesabu kwa za Papa kwa sababu niliona wewe umekuwa wa Papa, basi nikupe heshima ya kukuhesabia unavyohesabu. Mara moja tu maishani mwangu nimekufuata njia yako, na hiyo mara moja ndiyo imekuua! Nikifikiria nataka kuvunja vyombo. Nimevunja kimoja.

Kura ilipigwa siku ya Mikaeli. Jina langu lilitoka la nne. Juzi watu wanane wamelibeba sufuria la mji, nikasimama langoni na kiapo changu na vidole vyangu vyote, likaingia bila kuinama. Harmen alisimama ng'ambo akatema mate. Nilingoja siku hiyo tangu Baba aanguke, na ilipofika nilikuwa naangalia barabara ya kusini, mpaka mpishi wa mji akanigutua, "Ilsebe, moto!" Bia itakuwa nzuri. Nyeupe, kama inavyotakiwa.

Cord anasema Nürnberg sasa wote wanataka bia ya Einbeck nyeusi. Alipowapa yetu wakamwambia ni ya bandia. Alipiga kelele sokoni mpaka sauti ikakauka. Nami jana, jikoni, nimekaanga konzi moja ya kimea kwenye kikaango cha mayai, kwa kujaribu tu. Nyumba nzima ilinuka kama kile kipipa cha Baba. Nimeimwaga. Usimwambie mtu.

Barua yako nimeichoma kama ulivyosema. Hii ichome pia, lakini kabla hujaichoma nijibu jambo moja. Umeniandikia kuhusu maji, mapipa, watawa, masharubu ya Msimamizi, na rangi ya lango. Cord kila akipita kwenu alikuta mtoto kalala, na kuuliza hajui. Kofia nimeifuma ya kijivu kwa sababu sijui kama ni wa kike au wa kiume. Siku ile mbele ya wazee, baada ya kuapa kwamba umekufa, waliniuliza kama marehemu ameacha mtoto. Kwa sababu akiwapo, haki ni yake, si yangu. Nikanyanyua vidole mara ya pili. Nikasema hapana, hakuna.

Anaitwa nani?

Shangazi yake,
Ilsebe